Kadi ya Mwalimu Ilivyotoka kwa Kausha Damu

Kijana anayedaiwa kila upande kwa kawaida huanza na kujinyima. Soda inaachwa, nauli ya daladala inageuka mwendo wa mguu, chai ya saa nne inakuwa ya kuangalia wenzako wanavyokunywa. Namheshimu anayejibana hivyo, lakini mara nyingi anabana pasipovuja. Kila deni lina bei yake, na tofauti ya bei kati ya deni moja na lingine ni kubwa kuliko soda zote za mwaka mzima. Mtu akishaijua bei ya kila deni, ndipo anajua aanze na lipi na lipi aliache litulie.

Tumchukue mwalimu kijana wa sekondari, Morogoro mjini, mwaka wake wa tatu kazini. Ni mwalimu wa mfano, na mshahara wake nimeuzungusha ili hesabu ifuatike, ila makato ni yale yale yaliyomo kwenye slipu za walimu wengi wa serikali. Mshahara wa msingi ni Sh 800,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Kodi ya mapato 68,000. Chama cha Walimu asilimia 2, 16,000. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu asilimia 15, ambayo ni 120,000. Kinachoingia benki ni Sh 532,000.

Nje ya slipu ana madeni manne. La kwanza lilianza mama yake alipolazwa ghafla: alichukua Sh 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. La pili ni la programu ya mikopo ya kwenye simu. Aliomba 90,000, akapokea 72,000 baada ya "gharama za huduma," na baada ya siku 14 anadaiwa 90,000 kamili. Hulipa, kisha hukopa tena siku hiyo hiyo. La tatu ni 150,000 za mwalimu mwenzake. La nne ni 65,000 zilizoandikwa kwenye daftari la Mangi mwenye duka: unga, sukari, mafuta, sabuni.

Ukimuuliza lipi linalomkosesha usingizi, atakutajia la mwenzake, kwa sababu wanakutana ofisini kila asubuhi na aibu inamkaba. Lakini bei inasema vingine. Deni la mwenzake na la Mangi hayana riba hata senti. Deni la Bodi ya Mikopo, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwa kiasi, nalo lilishuka bei mwaka 2021, pale tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa zilipofutwa. Likiendelea kukatwa taratibu halimwongezei mzigo mpya. Programu ya simu inamla 18,000 kila wiki mbili, kama 36,000 kwa mwezi, kwa pesa ambayo kwa kweli ni 72,000 tu. Na kausha damu anachukua 100,000 kila mwezi.

Hapa pana ufundi wa mkopeshaji ambao lazima uonekane waziwazi. Tarehe 25 mshahara ukishaingia, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine ya kutolea fedha. Anatoa 100,000, anampigia mwalimu simu kwa upole: "Mwalimu, riba nimepata, mtaji usikuhangaishe, utaleta ukijaliwa." Upole huo ndiyo biashara yenyewe. Miezi saba imepita, mwalimu ameshatoa 700,000, na deni ni lile lile 500,000. Mkopeshaji hana haraka ya mtaji kwa sababu mtaji ukirudi, mapato yake ya kila mwezi yanakatika.

Kuna kanuni inayotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Kwa mwalimu wetu hiyo ni kama 267,000. Kanuni hii inalinda slipu. Kadi iliyoko mfukoni mwa mtu mwingine haipiti kwenye slipu, haionekani kwa mwajiri wala kwa afisa utumishi, na ndiyo maana mkopeshaji wa mtaani huipenda kuliko dhamana yoyote. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na kazi mbili kwa mpigo: kulipa deni, na kuirudisha kadi.

Fedha ya kufanya hivyo ilitoka SACCOS ya walimu. Alikuwa na akiba ya 200,000 ambayo alikuwa ameisahau kwa kuiona ndogo, na SACCOS yake hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Akaomba 600,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, marejesho ya miezi 12. Wapo watakaosema amefukia shimo kwa kuchimba lingine. Tupige hesabu.

Mkopo ni wa riba ya salio linalopungua. Kila mwezi anarejesha 50,000 za deni la msingi, na riba inapigwa kwenye kilichobaki tu. Mwezi wa kwanza riba ni 9,000, wa pili 8,250, wa tatu 7,500, hadi mwezi wa 12 ambapo ni 750. Riba yote ya mwaka inafika 58,500. Kwa kausha damu, mwaka huo huo ungemgharimu riba ya 1,200,000 na 500,000 za mtaji zingekuwa bado zinamngoja. Shimo la pili, basi, si sawa na la kwanza hata kidogo.

Kabla ya kusaini aliuliza swali ambalo ningependa kila kijana aliulize: riba inapigwa kwenye salio au kwenye mkopo wa mwanzo? Asilimia 1.5 ile ile ikipigwa kwenye 600,000 mwaka mzima bila kujali alichorejesha, inakuwa 9,000 mara 12, yaani 108,000, karibu mara mbili. Kwenye karatasi asilimia inasomeka sawasawa.

Mkopo ulihitaji wadhamini wawili, na mmoja wao akawa yule yule anayemdai 150,000. Mwalimu alimwonyesha karatasi ya hesabu yote, akamwambia, "Kaka, nikitoka kwa yule mzee, tarehe 25 nakupa hamsini, miezi mitatu tumemalizana." Mwenzake alisaini kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona fedha yake itatokea wapi.

Siku ya kulipa aliifanya kama mtu anayenunua kiwanja. Alikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Alitaka karatasi inayosema deni la 500,000 limelipwa lote na hakuna kinachodaiwa, yenye tarehe na sahihi za wote watatu. Alidai nakala halisi ya mkataba, akaichana palepale mbele ya shahidi, na kadi yake akaitia mfukoni. Kesho yake asubuhi alikwenda benki akaomba kadi mpya na namba ya siri mpya. Wengi husahau hatua hii ya mwisho.

Programu ya simu aliilipa 90,000 siku hiyo hiyo, na 10,000 zilizobaki zikaishia kwenye fomu na ada. Kuiondoa programu kwenye simu bila kulipa kusingesaidia, kwa sababu baadhi ya wakopeshaji wa aina hii hutuma ujumbe wa kudhalilisha kwa kila namba waliyoikuta kwenye simu ya mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali," jina la programu litafutwe kwanza kwenye orodha za Benki Kuu.

Sasa mwezi ukoje? Zamani 136,000 zilikuwa zinakwenda kwenye riba peke yake. Sasa rejesho la SACCOS la mwezi wa kwanza, deni na riba pamoja, ni 59,000. Bila kuongeza kipato hata shilingi, amepata 77,000 mkononi. Ndani ya miezi mitatu mwenzake amelipwa 150,000 zake na daftari la Mangi limefutwa. Kwa Mangi alikwenda mbali zaidi: aliacha kabisa kuchukua vitu kwa mali kauli, ananunua unga wa mwezi mzima kwa mkupuo mshahara ukitoka.

Kuanzia mwezi wa nne ndipo penye uamuzi ambao wengi wangeukosea. Anabakiwa na 77,000 kila mwezi. Azielekeze SACCOS amalize deni mapema? Nimepiga hesabu: akifanya hivyo ataokoa riba ya kama elfu 18. Ni kidogo mno kwa kubaki mikono mitupu. Kilichompeleka kwa kausha damu hakikuwa anasa, kilikuwa ugonjwa wa mama usiku wa tarehe 12, mfukoni hamna kitu. Kwa hiyo aliacha deni la bei nafuu liende kwa mwendo wake, na 77,000 akaziweka pembeni kwa ajili ya dharura. Mwisho wa mwaka zinakaribia 700,000, zaidi ya alichokopa siku ile. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote aliyofanya.

Mbinu hii ina mipaka, na inaniuma kuisema. Dereva wa bodaboda au binti wa genge hana slipu, hana SACCOS ya mahali pa kazi. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, lakini ni wa vikundi na miradi, haulipi deni la kausha damu. Kwake mlango uliobaki ni VICOBA, na kikundi hakikukopeshi siku unayojiunga. Hisa hununuliwa wiki hadi wiki kwanza. Katika miezi hiyo ya kungoja ana jambo moja la kudai kwa mkopeshaji, kwa maandishi na mbele ya shahidi: kila anacholeta kipunguze mtaji. Ana hoja mkononi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na ukomo wa riba kwa wakopeshaji hao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 500,000 hiyo ni Sh 17,500. Akileta 100,000 kwa kiwango hicho, 82,500 zinapaswa kukata deni, na deni lote linaisha ndani ya miezi sita.