Tuihakiki Tovuti kama Tunavyohakiki Kitabu: MyAnimeList Mezani kwa Mwalimu wa Kiswahili

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii ninamwomba msomaji aniruhusu nihakiki kitu kisicho na mwandishi mmoja wala ukurasa wa mwisho, na ambacho baadhi ya wanafunzi wetu hukisoma kwa hamu kuliko vitabu tunavyowapangia. Kitu hicho ni tovuti ya mashabiki wa anime, yaani filamu na mifululizo ya katuni za Kijapani, na jina lake ni MyAnimeList.

Msomaji anaweza kuuliza: jambo hili linatuhusu nini sisi walimu wa lugha? Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, tovuti ni matini. Vitufe vyake, lebo zake na mpangilio wake ni maneno yaliyochaguliwa na mtu, na maneno yakichaguliwa vibaya mtumiaji hupotea njia. Pili, idara yetu imekuwa ikizungumzia kutengeneza katalogi ya mtandaoni ya fasihi ya Kiswahili, na baadhi ya wanafunzi wamependekeza tuige tovuti hii kama ilivyo. Kabla ya kushona nguo kwa kipimo cha mwenzetu, ni vizuri tujue mwili wake ukoje na wetu ukoje.

Usuli kwa ufupi

Neno anime ni ufupisho wa Kijapani wa neno la Kiingereza lenye maana ya picha zinazotembea za kuchorwa. Manga ni hadithi za picha zilizochapishwa. Msomaji wa pwani akilisikia neno hili la pili atakumbuka Wamanga na pilipili manga, lakini maneno hayo yamefanana kwa sauti tu, hayana udugu.

MyAnimeList ilianzishwa katikati ya miaka ya 2000 na Garrett Gyssler, ambaye aliiendesha peke yake hadi mwaka 2008, iliponunuliwa na kampuni ya CraveOnline. Mwaka 2015 ilikwenda kwa kampuni ya Kijapani ya DeNA, na mwaka 2019 ikachukuliwa na Media Do, nayo ya Japani. Muda wote huo sehemu kubwa ya taarifa zilizomo, yaani majina ya kazi, idadi ya vipindi, wahusika, waigizaji wa sauti, muhtasari na tahakiki, imechangiwa na mashabiki wenyewe bila malipo. Jambo hili tulishike, kwa maana tutalirudia.

Vigezo

Ili nisihukumu kwa kupenda na kuchukia tu, nitatumia vigezo vitano alivyovitoa Jakob Nielsen mwaka 1993 kuhusu urahisi wa matumizi. Je, mgeni hujifunza kuitumia haraka? Je, mwenyeji hufanya kazi yake kwa wepesi? Je, aliyekaa muda mrefu bila kuitumia huikumbuka? Je, makosa ni machache na yanarekebishika? Na je, mtumiaji huridhika? Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, ninaongeza cha sita: je, tovuti inazungumza na nani, na kwa lugha gani?

Yanayostahili sifa

Sifa kubwa ya tovuti hii ni ukurasa wa kazi moja moja. Kila anime ina ukurasa wenye umbo lilelile. Kushoto kuna safu nyembamba yenye picha, na chini yake majina mengine ya kazi hiyo, aina, idadi ya vipindi, tarehe za kuonyeshwa, studio na tanzu. Kulia kuna safu pana yenye muhtasari, wahusika na waigizaji wa sauti, watendaji, na baadaye tahakiki na mapendekezo. Aliyekwisha kusoma kurasa mbili ameshajua kuisoma ya tatu. Mwalimu aliyewahi kutumia kadi za katalogi maktabani ataitambua kazi hii mara moja: ni kadi ileile, iliyopanuliwa.

Sifa ya pili ni orodha ya mtumiaji. Kila kazi anayoiweka humo huingia katika moja ya hali tano: anayoitazama sasa, aliyoimaliza, aliyoisimamisha kwa muda, aliyoiacha, na anayokusudia kuitazama. Hali hizi hutofautishwa pia kwa rangi: kijani, buluu, manjano, nyekundu na kijivu. Mtu akiwa na mfululizo wa vipindi 64 na amefika cha 37, hubofya alama ya kujumlisha na kuendelea. Hapa wepesi wa mwenyeji umezingatiwa kwelikweli. Kasoro ni ndogo: wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo rangi isiachiwe kazi ya maana peke yake.

Sifa ya tatu haionekani kwa macho. Mtumiaji anaweza kupakua orodha yake yote kama faili na kuondoka nayo. Mlango wa kutokea ni sehemu ya usanifu wa nyumba, hata kama wageni wengi hawautazami siku ya kwanza.

Yanayostahili lawama

Kasoro ya kwanza ni msongamano. Juu ya ukurasa wa kazi moja kuna safu ndefu ya vichupo: maelezo, wahusika, vipindi, video, takwimu, tahakiki, mapendekezo, habari, vilabu, picha na vinginevyo. Vyote vina ukubwa mmoja, kana kwamba vina uzito mmoja. Maandishi ni madogo na matangazo ya biashara hujipenyeza katikati. Mwenyeji amezoea, lakini mgeni huingia kama mtu aliyeshushwa katikati ya kituo cha mabasi bila kuambiwa basi lake ni lipi. Kwa kigezo cha kujifunza haraka, alama yangu ni ya wastani.

Kwetu msongamano una bei. Hapa Uganda serikali iliweka kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti Julai 2021, na mwanafunzi anayenunua kifurushi kidogo cha siku hulipia kila picha inayofunguka, aliitaka au hakuitaka. Ukurasa mzito kwa msanifu ni suala la uzuri. Kwa mwanafunzi wetu ni nauli.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni nafasi ya namba. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya muhtasari, huketi alama ya wastani kati ya 1 na 10, pamoja na nafasi ya kazi hiyo katika mashindano ya jumla. Tuwe waadilifu: alama hii haikukokotolewa kijinga. Tovuti hutumia wastani wenye mizani, ambapo kazi yenye kura chache husogezwa kuelekea wastani wa kazi zote. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kipimo cha chini ni kura 50 na wastani wa kazi zote ni 7. Kazi iliyopata 9 kwa kura 50 itaonyeshwa na 8, lakini iliyopata 9 ileile kwa kura 5,000 itakaribia 8.98. Hivyo marafiki wachache hawawezi kuipandisha kazi ya rafiki yao hadi kileleni. Ni hesabu ya busara.

Lakini hesabu nzuri haifanyi nafasi iwe nzuri. Msomaji hukutana na hukumu kabla ya kukutana na kazi. Zaidi ya hayo, kila namba ina neno lake, na kwa maneno hayo 5 ni ya wastani, 6 inafaa, 7 ni nzuri, na 10 ni kazi bora kabisa. Mwanafunzi wetu amelelewa katika mfumo ambao 50 kwa 100 ni kufaulu. Akiona 6 huweza kufikiri kazi imepita salama, ilhali shabiki mzoefu, aliyezoea kuona alama zikielemea juu, huisoma 6 kama onyo. Namba ni ileile, lugha ni mbili.

Sasa tufikirie katalogi yetu. Diwani moja ya mashairi isomwe na wanafunzi 200 waliolazimishwa na mtihani, na riwaya ya kipelelezi isomwe na 20 walioinunua kwa hiari. Tukiziweka namba juu ya ukurasa, diwani itaadhibiwa kwa kosa la kuwa kitabu cha darasani. Hapo hatutakuwa tumepima fasihi. Tutakuwa tumepima ratiba.

Suala la lugha

Kiolesura cha tovuti hii ni cha Kiingereza, ilhali kazi zenyewe ni za Kijapani. Hata hivyo majina ya kazi huandikwa kwanza kwa Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi: Sen to Chihiro no Kamikakushi, Tonari no Totoro, Shingeki no Kyojin. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Irabu ni zetu zilezile tano, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia na irabu. Mwanafunzi wetu huyatamka majina hayo karibu sawasawa bila kufundishwa. Na mwalimu wa sarufi ana somo la bure: kile kijineno no hufanya kazi inayokaribiana na -a unganifu yetu, ila mpangilio umepinduliwa. Sisi tungesema Totoro wa jirani. Wao huanza na jirani, ndipo Totoro afuate.

Lebo za hali tano ndizo zilizonifikirisha zaidi. Kwa Kiingereza ni mchanganyiko: moja ni kitenzi kinachoendelea, mbili ni vitenzi vya wakati uliopita, moja ni kirai, moja ni mpango. Hazisemi nani anatenda, ingawa jina la tovuti lenyewe limejaa umilikishi wa nafsi ya kwanza. Tukizitia Kiswahili tunapata: Ninatazama, Nimemaliza, Nimesitisha, Nimeacha, Nitatazama. Kila lebo ni neno moja, na ndani yake mna nafsi, wakati au hali, na tendo. Hakuna iliyozidi herufi kumi na moja.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa vitufe vya kompyuta. Mfano huu unaonyesha kwamba urefu hutokana na tafsiri ya neno kwa neno, ambapo kitenzi cha Kiingereza hugeuzwa kuwa nomino ndefu yenye viunganishi vitatu. Anayetunga lebo kutoka ndani ya Kiswahili huanza na kitenzi. Tena lugha yetu inatoa hali ambayo tovuti hii haina: Sijaanza, Sijamaliza. Kiambishi -ja- kinabeba tumaini kwamba tendo bado linategemewa, jambo ambalo lebo ya kusimamisha haliwezi kulisema kwa ukamilifu. Tangu Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na mradi wa Kilinux, tumejua kwamba programu inaweza kuzungumza Kiswahili. Kilichobaki ni kuizungumzisha Kiswahili kilichonyooka.

Kuna jambo jingine. Hadhira ya Uganda imezoea kupokea filamu za kigeni kupitia kwa msimulizi wa kwao, yule VJ wa kibanda cha video anayefasiri kwa Kiganda huku akieleza, akitania na kufananisha. MyAnimeList haina sauti kama hiyo. Muhtasari wake humweleza kila mtu kwa namna moja. Katalogi yetu ingeweza kumpa msomaji wa Gulu au wa Bujumbura maelezo ya mtu anayejua anakotoka.

Nani mwenye kazi?

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2018, tovuti hii ilifungwa kwa siku kadhaa, wasimamizi wakitaja sababu za usalama na faragha. Programu za watu wengine zilizokuwa zikitegemea data zake nazo zilikwama. Tovuti ilirudi, lakini funzo limebaki. Mashabiki walikuwa wamejenga ghala kwa mikono yao, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine. Ghala hilohilo limeuzwa kutoka kampuni hadi kampuni, na waliolijaza hawakuwa na sauti katika mauzo hayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanafunzi wanaotaka tuige kila kitu. Wanafunzi wetu wataandika mihtasari ya riwaya, wataorodhesha wahusika, watasahihisha tarehe za matoleo. Hiyo ni kazi ya kitaaluma. Ikiwekwa mahali ambapo idara haina nakala, siku mlango ukifungwa tutabaki tukihadithia kwamba tuliwahi kuwa na katalogi.

Hitimisho

Hukumu yangu ni kwamba MyAnimeList ni ghala bora lenye sebule iliyojaa vitu. Kwa wepesi na kukumbukika inafaulu vizuri. Kwa kumpokea mgeni ni ya wastani. Kwa kumtanguliza msomaji mbele ya namba imeshindwa. Tuchukue kutoka kwake ukurasa wenye umbo moja, orodha ya hali za msomaji, na mlango wa kupakua data. Tuache namba juu ya muhtasari, vichupo visivyo na mpangilio wa umuhimu, na picha zisizoombwa. Lebo tuzitunge wenyewe, na nakala kamili ikae idarani tangu siku ya kwanza.

Kwa walimu wenzangu, ninapendekeza zoezi moja la darasani: wape wanafunzi ukurasa wowote wa tovuti wanayoipenda, wazitie lebo zake katika Kiswahili bila kutumia nomino pale kitenzi kinapotosha, kisha wampe mtu asiyeijua tovuti hiyo aseme kila kitufe kitafanya nini. Pale atakapokosea ndipo mjadala wa somo uanzie. Wenye maoni tofauti kuhusu suala la alama wanakaribishwa kujibu katika toleo lijalo.