Drop Zone: Imechakaa, imezeeka au imekomaa?

KATIKA Kiswahili, nguo huchakaa, mtu huzeeka na embe hukomaa. Je, filamu hufanyaje? Swali hili lilinijia juzi nilipoitazama upya Drop Zone, filamu ya mwaka 1994 iliyoongozwa na John Badham, nikiwa na mjukuu wangu wa kidato cha tatu.

Mhusika mkuu ni Pete Nessip (Wesley Snipes), afisa wa usalama nchini Marekani. Yeye na nduguye Terry (Malcolm-Jamal Warner) wanamsindikiza kwa ndege mfungwa Earl Leedy, bingwa wa kompyuta. Genge la Ty Moncrief (Gary Busey) linatoboa ndege kwa mlipuko na kuruka na mfungwa huyo kwa miavuli. Terry anavutwa nje na kufa. Wakubwa hawamwamini Pete. Basi anaingia mwenyewe katika ulimwengu wa warukaji kumsaka muuaji.

Moncrief anamtaka Leedy adukue majina ya makachero wanaowapeleleza walanguzi wa dawa za kulevya, ili ayauze kwa walanguzi hao. Kuifikia kompyuta, lazima genge litue juu ya jengo la idara husika jijini Washington, Julai 4, siku ambayo, kwa mujibu wa filamu, anga ya mji hufunguliwa kwa warukaji. Hapo mjukuu akanikatiza: “Kwani babu, si wangedukua tu wakiwa nyumbani?”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ploti nzima imesimama juu ya dunia ambamo siri ilikaa ndani ya jengo, na mwizi sharti aifuate huko huko. Kwa kijana wa leo, hilo ni jambo la kuchekesha. Upande huu, filamu imechakaa.

Hata hivyo, kwa kuwa mwizi sharti aende mwenyewe, tunaona watu wakianguka kwelikweli. Guy Manos, mmoja wa waliobuni hadithi, alikuwa mrukaji wa miavuli, na ujuzi huo unaonekana. Ni kweli kwamba waigizaji wanapoonyeshwa kwa karibu, ujanja wa studio haufichiki. Lakini zile picha za warukaji wakitengana na kukutana angani bado zinanikaza tumbo. Mjukuu naye aliweka simu chini. Upande huu, imekomaa.

Kasoro iliyoniuma haihusu mitambo. Terry akishakufa, hadithi inakimbilia vichekesho na mbwembwe za hewani. Anabaki kuwa sababu ya kisasi tu, si mtu aliyependwa. Mwaka 1994 sikuliona hilo. Nilikuwa kijana, sijamzika ndugu. Sasa nimemzika. Tena Warner mwenyewe alikufa maji Julai 2025, na sura yake ya ujana kwenye kioo inakuwa nzito kutazama.

Kwa hivyo kasoro hiyo haikuletwa na miaka. Ilikuwapo tangu mwanzo, ila mimi ndiye niliyezeeka nikaiona. Tunapohakiki kazi ya kale, tujiulize pia mtazamaji amepitia nini.

Itazameni, hasa kwa zile picha za angani. Ila mkifika pale Terry anapotoka nje ya ndege, ngojeni kidogo, kwa sababu filamu yenyewe haingoji.