Filamu ya "Mongol" na Miji Isiyoonyeshwa

 

Mwanafunzi wetu mmoja wa darsa la tarekhe alitujia na CD mkononi akatuuliza: "Sheikh, umetusomesha kuwa Watatari waliangamiza miji ya Waislamu. Mbona huyu mkubwa wao nimemuona ni mtu wa subira, anampenda mkewe na hasahau wema aliotendewa?" Filamu yenyewe inaitwa Mongol, kazi ya Mrusi Sergei Bodrov, iliyotoka mwaka 2007. Hatukumjibu siku ile. Tuliichukua tukaitazama mpaka mwisho, kwa ile kanuni wanayoijua wanafunzi wa usuli, kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Ama mas-ala ya kutazama filamu, picha na muziki wake, mlango huo hatuufungui hapa.

Tuanze na haki yake. Filamu hii haikutengenezwa kivivu. Wahusika wanazungumza Kimongoli, ijapokuwa aliyeigiza Temujin, ambaye baadaye ndiye Genghis Khan, ni Mjapani, Tadanobu Asano. Mengi ya utotoni mwake yamo katika kitabu cha Wamongoli wenyewe kijulikanacho kama Historia ya Siri: baba kupewa sumu na Watatari, ukoo kumtelekeza mjane na watoto wake, kijana kufungwa kongwa la mti shingoni, na mkewe Börte kutekwa na Wamerkit. (Hapa pana ajabu. Wanahistoria wetu waliwaita Wamongoli wote "Tatar", na kumbe Watatari hasa walikuwa maadui wa Temujin.) Anayemuonea huruma yule mtoto wa kongwa hakukosea.

Lakini kilipowafaa waandishi, waliongeza na kupunguza. Kifungo kirefu katika nchi ya Tangut, ambacho ndicho uti wa mgongo wa filamu, hakimo katika Historia ya Siri. Jamukha, rafiki aliyegeuka adui, katika filamu anasamehewa na kuachwa aende zake. Katika kitabu cha Wamongoli wenyewe aliuawa, bila ya damu yake kumwagwa, kama alivyoomba.

Haya ni madogo. Kubwa ni kuwa Temujin wa filamu anaapa kuwawekea watu wake sheria nyepesi, na miongoni mwake ni kutowaua wanawake na watoto. Kisha vita vya mwisho vinapiganwa, tunaambiwa kuwa mwaka 1206 akawa Khan wa Wamongoli wote, na pazia linashuka. Ilikusudiwa kuwa sehemu ya kwanza miongoni mwa kadhaa, lakini nyingine hazikutoka. Mtazamaji anaondoka na sheria ile masikioni, wala haoni ilivyofuatwa.

Mwaka 1220 iliingiwa Bukhara, mji aliozaliwa Imamu Al-Bukhari. Al-Juwayni anasimulia kuwa makasha ya misahafu yalifanywa vihori vya kulishia farasi. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Marw na Naysabur, mikononi mwa Tolui, mtoto wa Genghis. Anasimulia pia kuwa Naysabur, alikozikwa Imamu Muslim, binti ya Genghis aliingia na askari kulipiza kisasi cha mumewe, na kwamba hata paka na mbwa hawakuachwa. Al-Juwayni hakuwa adui wa Wamongoli anayewazulia. Alikuwa mtumishi wa Hulegu, mjukuu wa Genghis.

Na Marw ilikuwa mji gani? Yaqut al-Hamawi, mwenye Mu'jam al-Buldan, alikaa huko karibu miaka mitatu. Anaeleza kuwa palikuwa na maktaba kumi za waqfu, na kwamba nyumbani kwake hapakukosekana majalada 200 au zaidi ya kuazima, mengi yake bila ya kuwekewa rahani. Ni mji gani wetu leo unaomuamini mgeni kiasi hicho? Alikimbia na roho yake tu kabla hawajafika.

Wanafunzi wa hadithi wanalijua neno tadlis. Mudallis si lazima aseme uongo. Huenda kila alichokitaja ni sahihi, ila ameliangusha jina la mtu dhaifu ili sanad ionekane safi. Hivyo ndivyo ilivyofanya filamu hii. Imetusimulia mshindi bila ya walioshindwa.

Hata hivyo sisi nasi tusifanye tadlis yetu, kwani Suratul Maida, aya ya 8, imetukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Idadi ya waliouawa Marw, Ibnul Athir ameitaja kuwa 700,000 na Al-Juwayni zaidi ya 1,300,000. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumzuia khatibu asiitaje namba juu ya mimbari kana kwamba alihesabu yeye. Na yako ya Otrar. Mwaka 1218 msafara uliotoka kwa Genghis, wafanyabiashara 450 kwa riwaya ya Al-Juwayni, nao Waislamu, waliuawa na gavana wa Khwarazm Shah. Wamekhitalifiana iwapo ni kwa amri ya Shah. Genghis akatuma wajumbe kudai haki. Shah akamuua mkubwa wao, naye ni Muislamu, na wenzake wawili wakanyolewa ndevu. Fiqhi iko wazi: mfanyabiashara aliyeingia kwa amani damu yake imehifadhika, na mjumbe hauawi, Mtume (S.A.W.) hakuwaua hata wajumbe wa Musaylima, kama alivyopokea Abu Dawud. Khutba ngapi tumezisikia za kilio cha Baghdad, na ni ngapi zilizoitaja Otrar? Lakini kosa la Shah halikuihalalisha damu ya mtoto wa Marw, maana hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine.

Filamu inamkawilia pia Jochi, aliyezaliwa baada ya Börte kukombolewa kwa Wamerkit. Temujin anamkubali kuwa mwanawe, na hilo Wamongoli wamelipokea hivyo, japo nduguye Chagatai alikuja kumtukana kwalo mbele ya baba yao. Mtoto huyo ndiye baba wa Berke, aliyesilimu, na ambaye baada ya Baghdad kuangamizwa mwaka 656H (1258) alipigana na Hulegu, mtoto wa ami yake.

Tulimrudishia kijana CD yake pamoja na majibu haya. Akauliza kama Yaqut anasomeka kwa Kiarabu chake cha mwaka wa tatu. Tumeanza naye mlango wa Marw, kila Jumamosi baada ya Alasiri.