Kokoto za Chini ya Chungu

Ukishika barabara ya Segera kwenda Tanga utaona mkonge umesimama mashambani, masika yakiupiga tangu Machi hadi Mei, nao haujali. Sasa chukua binamu yake mdogo, ule wa mapambo wenye majani mafupi mazito yaliyochorwa mistari myeupe, uupande kwenye chungu barazani. Mvua ni ile ile, lakini baada ya wiki chache majani ya chini yanalainika na kugeuka rangi ya chai, na ukiugusa unang'oka wote mkononi, hauna hata mzizi. Wangu ulikwenda hivyo.

Mimea hii miwili ni ya jenasi moja na asili yake ni Meksiko. Mkonge wa mashamba uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoinunua Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Huo mdogo, Agave victoriae-reginae, kwao ni kaskazini mwa Meksiko, kwenye nyufa za majabali ya chokaa. Stomata zake, yaani vitundu vya majani, hufunguka usiku, jua likishazama, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Kiu haiusumbui. Shida yake ni maji yasiyoondoka.

Na maji hayo niliyazuia mwenyewe. Nilifuata ushauri ambao kila muuza maua huutoa: tandika kokoto chini ya chungu, kisha udongo juu, eti maji yapite. Hayapiti. Udongo laini huyashika maji kama utambi unavyoshika mafuta, wala hauyaachii kwenye nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto mpaka ulowe chepechepe. Tope lililokuwa likae kwenye kitako cha chungu linapanda juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Kama huamini, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, uilaze bapa kwenye viganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha tena, na ukiisimamisha wima kabisa itatoa mengine. Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo. Tabaka lililolowa chini halizidi unene fulani, kwa hiyo chungu kirefu huacha sehemu kubwa kavu juu yake, na chungu kifupi hubaki na tope karibu chote. Shambani udongo unashuka mita na mita bila kitako, ndiyo maana mkonge wa Tanga hauna habari na masika.

Mara ya pili nilizitoa kokoto chini, nikachagua zile ndogo za ukubwa wa punje ya mahindi, nikazichanganya na udongo wenyewe: makopo mawili ya kokoto na mchanga mnene wa mtoni kwa kopo moja la mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani niliuacha, una chumvi. Chungu ni cha udongo wa kufinyanga, kirefu, kipana kuliko mmea kwa vidole viwili tu. Mche niliuacha kivulini siku tano vidonda vya mizizi vikauke, nikapanda, nikakaa wiki nzima bila kumwagilia. Juani niliutoa kidogo kidogo, maana ukitolewa ghafla majani huungua na kovu halifutiki.

Kumwagilia sasa nakupima kwa mkono. Nakiinua chungu, kikiwa chepesi nalowesha mpaka maji yatoke chini, kikiwa kizito nakiacha. Mvua kubwa zikianza nakisogeza chini ya upenu.

Nawe mwenye chungu chenye kokoto chini, kimwage leo kabla ya masika. Tunduni weka kipande cha wavu wa dirisha tu, na kokoto zako zichanganye na udongo.