Koma si pumzi
Walimu wengi huwafunza watoto kwamba koma huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Jina lake jingine, kipumuo, linachochea dhana hiyo. Mimi naipinga. Mwenye mafua naye atatia koma ngapi?

Tazama: ‘Wanafunzi waliochelewa walirudishwa nyumbani.’ Hapa, waliowahi wamo darasani wakisoma. Sasa tia koma mbili: ‘Wanafunzi, waliochelewa, walirudishwa nyumbani.’ Lo! Darasa zima limetimuliwa. Maneno ni yale yale. Koma ndizo zilizowaponza waliowahi.

Kwa hivyo mwalimu, usimwulize mwanafunzi wako anapumua wapi. Mwandikie ubaoni sentensi hizo mbili, kisha umwulize ni nani aliyebaki darasani. Akikujibu sawasawa, ujue kaielewa koma.