Foto ya kabla, foto ya kisha, na siku zinazofichwa katikati

Kuna aina ya foto inayozunguka sana katika simu zetu hapa Butembo na Beni, na sijaona mtu akiichambua vile tulifundishwa kuchambua kitabu. Ni nyuso mbili za mtu mmoja. Kushoto, kope za juu zimelegea, kuna mifuko chini ya macho, mashavu yanashuka. Kulia, macho yamefunguka na ngozi imenyooka. Chini yake jina la kliniki ya Istanbul, ya Dubai ama ya Nairobi, pamoja na namba ya WhatsApp. Maneno mengine hakuna. Foto njo hoja yote.

Basi tuisome kama hoja. Anza na mwangaza. Kushoto taa inatoka juu, kwa hiyo kila mfuko unatupa kivuli chake. Kidevu kimeinama, mtu amenuna kama aliyenyimwa mshahara. Kulia taa inatoka mbele, kidevu kiko juu kidogo, poda imepita, na, angalia vizuri, nyusi zimepandishwa. Simama mbele ya kioo upandishe nyusi zako tu: sehemu kubwa ya ngozi ya kope inapotea bila kisu. Sisemi kama kila kliniki inadanganya. Nasema foto mbili zilizopigwa kwa taa mbili haziwezi kutoa ushahidi juu ya kisu. Mwanafunzi akileta kazi ya namna hiyo mbele ya profesa, anarudishwa.

Lakini taa ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba foto hizi zimeondoa siku. Operesheni ya kope yenyewe si ndefu: mara nyingi saa moja ama mbili, kwa ganzi ya pale pale. Munganga anakata kwenye mkunjo wa kope, anaondoa kipande cha ngozi na pengine mafuta kidogo, anashona. Kisha uso unavimba, unakuwa kama wa mtu aliyepigwa ngumi. Nyuzi zinatolewa karibu na siku ya tano hadi ya saba. Michubuko inachukua juma moja ama mawili, na kovu linaendelea kubadilika kwa miezi. Macho yanaweza kukauka na kuwasha. Kope moja inaweza kukaa juu kuliko nyingine. Na kama munganga amekata ngozi kupita kiasi, jicho halifungi tena vizuri hata ukilala. Tena kuna mambo ambayo operesheni hii haigusi kabisa: mistari ya kando ya jicho inayotokea ukicheka, na kwa sehemu kubwa weusi wa chini ya macho. Watu wengi wanataka hasa hayo mawili yaondoke!

Kuvuta ngozi ya uso mzima ni kazi kubwa zaidi. Wanakata kuzunguka sikio. Damu inaweza kukusanyika chini ya ngozi. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyusi na mdomo unaweza kuguswa. Mvuta sigara anaweza kupoteza sehemu ya ngozi. Hata ikifaulu, miaka haisimami.

Halafu kuna umbali, na juu ya hilo foto inanyamaza kabisa. Hatari moja ya operesheni ya kope ni nadra sana: damu inavuja nyuma ya jicho, inalisukuma, na kunabaki saa chache tu za kuokoa uwezo wa kuona. Mara nyingi inatokea siku ya kwanza. Aliyelala karibu na kliniki anarudishwa mbio. Lakini yule aliyeharakisha kurudi nyumbani kupitia Kampala, aliyeanza kuona giza kabla ya kufika Kasindi, atafanya nini? Kutoka mpaka hadi Beni ni kama kilomita 80, na wote tunajua barabara hiyo imepitia nini: mashambulizi, magari kwenda kwa msafara nyuma ya waaskari. Na hata kwa shida ndogo, kidonda kilichooza ama nyuzi zilizofunguka, munganga wa huku anapokea kazi ambayo hakuianza, mara nyingi bila karatasi yoyote ya yule aliyeianza.

Tazama tena foto. Mara nyingi ni uso wa mzungu. Ngozi yetu sisi weusi inaota makovu manene kuliko ya wazungu, yale yanayoinuka na kukua kupita kidonda chenyewe. Kwenye kope ni nadra, ngozi ya pale ni nyembamba. Lakini kwenye sikio yanaota sana. Waulize waliotoboa masikio. Na kuvuta uso njo kunapita palepale. Ongeza mafuta ya kujichubua, ambayo mengi yana dawa zinazofanya ngozi kuwa nyembamba na vidonda kupona pole pole. Mwenye kuyapaka miaka mitano hapeleki kwa munganga ngozi ileile ya kwenye foto.

Kinachonishangaza ni kwamba hili linatokea Butembo. Mfanyabiashara wetu akienda Guangzhou haridhiki na foto ya kataloge. Anafungua kartoni, anahesabu, anakunja kitambaa, anauliza nani atabeba hasara kama bidhaa imevunjika njiani. Mtoto wa mfanyabiashara huyo anatuma avansi kwa kliniki ambayo hajui hata jina la munganga wake.

Foto nzuri za namna hii zilikwisha kuwepo. Mwaka wa 1916, Walter Yeo, baharia Mwingereza, aliungua uso katika vita vya Jutland, akapoteza kope za juu na za chini. Mwaka wa 1917 munganga Harold Gillies alimfunika sehemu ya juu ya uso kwa ngozi iliyotolewa kifuani. Foto zake za kabla na za kisha bado zinazunguka, na hata ile ya kisha haijifanyi: unaona mpaka wa ngozi iliyopandikizwa. Kitabu cha Gillies cha 1920 kinaonyesha wagonjwa hatua kwa hatua, pamoja na zile hatua mbaya.

Sikubaliani na wazee wanaosema uso wa Mungu haushikwi. Goma, HEAL Africa wanashona watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Mwenye vikope, ambaye nywele za kope zinakwaruza jicho hadi upofu, anaokolewa na operesheni ya kope inayoweza kufanywa hata na muuguzi aliyefundishwa. Na mtu ambaye kope yake imeshuka hadi kufunika mboni haombi urembo, anaomba kuona. Huyo achunguzwe kwanza, maana mara nyingine shida iko kwenye msuli, na kukata ngozi hakutamsaidia. Anayetaka kupendeza tu, pia, ni uso wake na ni dola zake.

Ila kabla ya kutuma hizo dola, aiandikie ile namba ya WhatsApp aombe foto tatu: mtu mweusi, taa moja, siku ya tatu, siku ya kumi, mwezi wa sita. Kisha aulize jina la munganga, na nani atakayepokea simu akiwa amekwisha kurudi Beni.