Chai ya Orania: Tumsimulieje Betsie Verwoerd?

Mwezi Agosti 1995 Rais Nelson Mandela alisafiri hadi Orania, kimji kilicho kando ya mto Orange katika jimbo la Northern Cape, kunywa chai na mwanamke wa miaka 94. Mwanamke huyo alikuwa Betsie Verwoerd, mjane wa Hendrik Verwoerd, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini tangu 1958 hadi alipochomwa kisu na kuuawa bungeni tarehe 6 Septemba 1966. Ni chini ya serikali ya Verwoerd ndipo Mandela alipohukumiwa kifungo cha maisha, Juni 1964.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, magazetini na katika vitabu vya maisha ya Mandela. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu kazi ya kukisimulia upya kwa Kiswahili. Kisarufi walifanya vizuri. Hata hivyo, karibu kazi zote zilikuwa na dosari moja, ambayo imo pia katika masimulizi mengi yaliyotangulia: kisa ni cha watu wawili, lakini mhusika ni mmoja tu. Mandela anasafiri, anasamehe, anatabasamu. Betsie anamimina chai. Makala haya yanakusudia kuihoji dosari hiyo.

"Kaburu" na "bibi"

Tuanze na msamiati, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Wanafunzi waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilimwita "mke wa Kaburu". La pili lilimwita "bibi kizee".

Wenyewe walijiita Boer, yaani wakulima, na baadaye Afrikaner. Sisi tuliwaita Makaburu. Katika miaka ya ukombozi, redio na magazeti ya Tanzania yalipotaja Makaburu, msikilizaji hakufikiria wakulima. Alifikiria pasi, jela na risasi. Tena tukaunda "ukaburu" kwa maana ya siasa yenyewe ya ubaguzi. Ni neno lililofanya kazi ya haki, wala siombi lifutwe. Lakini ukishaandika "mke wa Kaburu" umekwisha kutoa hukumu, na msomaji hana haja ya kuuliza mwanamke huyo alifanya nini au aliamini nini.

"Bibi" nalo lina hila yake. Laweza kuwa mke, mwanamke wa heshima, au mzaa mzazi. Mwanafunzi anapoandika "bibi kizee alimkaribisha Rais", maana ya tatu huzimeza zile mbili. Nani atamhoji bibi? Heshima yetu kwa wazee inageuka pazia. Kwa hiyo neno moja linamhukumu bila kumsikiliza, na jingine linamsamehe bila kumsikiliza.

Yaliyoachwa nje

Huyu hakuwa ajuza aliyeokotwa njiani. Alizaliwa 1901, akasoma Stellenbosch, akafundisha shule. Alifunga ndoa na Hendrik mjini Hamburg, Ujerumani, Januari 1927, mume akiwa huko kimasomo. Walizaa watoto saba. Mumewe alizaliwa Uholanzi akaletwa Afrika Kusini akiwa mtoto, hata hivyo akaja kuwa kinara wa uzalendo wa Afrikaner. Akiwa waziri wa mambo ya wenyeji alisimamia Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953, iliyokusudia mtoto mweusi asisome zaidi ya mahitaji ya kazi aliyopangiwa na wazungu. Naye mke, tukumbuke, alikuwa mwalimu.

Orania nayo si mahali pa kupita tu. Ni kimji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa miradi ya maji, kikanunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kundi lililoongozwa na Carel Boshoff, mkwe wa akina Verwoerd, ili Waafrikaner waishi peke yao. Machotara na watu weusi waliokuwa wakiishi humo waliondolewa. Betsie alihamia huko. Mwanamke wa umri ule angeweza kukaa popote. Yeye alichagua kuzeekea ndani ya wazo la mumewe. Uamuzi huo ni wa kisiasa, na msimulizi anayeuruka ameruka nusu ya mhusika wake.

Karatasi ya Betsie

Sasa tufike penye kiini. Baada ya chai, Betsie alisimama mbele ya waandishi wa habari na kusoma taarifa fupi kwa Kiafrikaans. Alimwomba Rais alitazame kwa huruma suala la Waafrikaner kupata eneo lao la kujitawala. Macho hayakumsaidia, hakuwa na miwani, maneno yakamkwama. Mandela, aliyesimama kando yake, akamsaidia kuisoma, kwa Kiafrikaans.

Wengi hulitaja tukio hili kama kichekesho kidogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo uzito wote ulipo. Kwanza, Betsie hakuja kuomba msamaha. Alikuja na dai. Anayesema kisa hiki ni cha upatanisho uliokamilika hajaisoma karatasi ile. Pili, tuiangalie lugha. Kiafrikaans ndicho wanafunzi wa Soweto walichokataa kufundishiwa tarehe 16 Juni 1976, wakapigwa risasi. Mandela alijifunza lugha hiyohiyo gerezani. Mwaka 1995, mjane wa Verwoerd alihitaji sauti ya mfungwa wa Verwoerd ili dai la kuishi mbali naye lisikike. Mandela hakulikubali dai. Alilisaidia lisomeke.

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Wazazi wetu walikisikia Kiswahili vizuizini na kambini, wakakichukia kwa sababu ya vinywa vilivyokitamka. Lugha haina kosa, lakini ina kumbukumbu. Mandela hakusubiri kumbukumbu hiyo ifutike ndipo ajifunze.

Hitimisho

Betsie Verwoerd alifariki Orania mwaka 2000. Hata ndani ya ukoo wake mambo hayakuwa ya rangi moja: mjukuu wake Wilhelm alijiunga na ANC, na baadhi ya jamaa zake wakamwona msaliti. Melanie, aliyekuwa mke wa Wilhelm wakati huo, aliingia bungeni kwa tiketi ya chama hicho mwaka 1994. Ikiwa waliokula naye meza moja waliweza kuchagua vingine, basi naye alichagua.

Ninachopendekeza ni kidogo. Tumwite kwa jina lake. "Kaburu" tulitumie pale tunapotaja siasa, tukijua uzito wake. "Bibi" tumwachie mjukuu wake. Kisha tumpe Betsie sentensi ambazo yeye ndiye mtendaji: alifundisha, alihamia, alidai. Sarufi hiyo haimtakasi. Inamfanya awajibike, jambo ambalo "bibi kizee" haliwezi kufanya. Na msamaha wa Mandela hautapungua. Utakuwa mzito zaidi, kwa kuwa utakuwa umempata mtu mzima mwenye akili zake.